Namba E haizuii kutu

Najua mlitegemea leo niandike habari za UE, nani kapata sapu na nani kaponea tundu la sindano. Hayo wiki ijayo. Leo nina la moyoni, na wale tunaolala wote hosteli mnalijua, maana tumebishana siku tatu mfululizo mpaka mwenye chumba akazima taa.

Suala lenyewe ni hili. Nyumbani Mbalibali, kule Serengeti, ukoo umekaa kikao. Ng'ombe kumi na wanne watapelekwa mnadani, na hela itakayopatikana itanunua gari. Baba mdogo ndiye atakayeliendesha. Halitakuwa gari la harusi. Litabeba gunia za mahindi, litapeleka watoto shule muhula ukianza, na usiku wa manane mama mjamzito akishikwa na uchungu litatakiwa liwake, lifike hospitali Mugumu. Na mimi, kwa kuwa niko Dar na eti ni msomi, nimepewa kazi ya kulichagua. Ng'ombe kumi na wanne, jamani! Kwa sisi watu wa Mara hiyo siyo hela tu. Hiyo ni ada ya wadogo zangu wawili na mahari ya kaka.

Sasa nikawaeleza wenzangu, na kila mtu akawa mtaalamu ghafla. Wametokea makundi matatu na yote nayapinga. Tuanze na moja moja.

KUNDI LA KWANZA: "Namba gani?"

Hawa ukiwaonyesha gari lolote swali lao ni moja tu. Ni namba C? D? E? Ukisema E macho yanang'aa. Ukisema C wanaguna kama wameonyeshwa mzoga.

Hivi hiyo herufi inakwambia nini? Inakwambia gari lilisajiliwa lini hapa Tanzania. Basi. Haikwambii lilitengenezwa lini, wala lilikotoka lilikuwa linaishi maisha gani. Toyota IST zilianza kutengenezwa 2002. Inaweza kushuka bandarini IST ya miaka ya mwanzo kabisa, ikafungwa namba E, na mtu akaringa nayo mtaani kama mpya. Kodi yenyewe ni hivyo hivyo. TRA wanatoza ushuru wa ziada gari likishapita miaka minane, lakini wanahesabu miaka, hawahesabu kutu.

Na kutu, wadau, nyingi zinaanzia huko huko Japani. Kaskazini kwao, Hokkaido na mikoa ya jirani, theluji inaanguka miezi mingi. Zamani madereva walifunga tairi zenye misumari. Misumari ile ikawa inachimba lami na kutimua vumbi baya mijini, mwaka 1990 ikatungwa sheria ya kuzizuia. Zikiwa zimeondoka, barabara zikahitaji chumvi zaidi ya kuyeyusha barafu. Chumvi ile inarushwa na tairi inajaa chini ya gari, na kila mwenye form four ya kemia anajua chuma kikipata maji na hewa kinashika kutu, ukiongeza chumvi mambo yanakwenda mbio. Kwa hiyo gari lililokaa Hokkaido miaka kumi na gari lililokaa kusini kwenye joto ni vitu viwili tofauti, hata kama yote ni mwaka mmoja, rangi moja, namba E.

Wajapani wenyewe hawafichi. Karatasi ya mnada wa kule ina mchoro wa gari na herufi zake. S ni kutu, C ni pale kutu ilipokwisha kula chuma. Ukiagiza gari omba karatasi hiyo kabla hujatuma hata senti. Lakini nani kati yetu anaiomba? Tunaomba picha ya dashibodi na redio!

Nyumbani mnadani, sijawahi kuona mzee wa Kikurya ananunua ng'ombe kwa kuangalia hereni ya sikioni. Anafungua mdomo anaangalia meno. Anashika mbavu, anaangalia kwato, anamtembeza. Mzee huyo huyo akija kununua gari anazunguka mara moja, anapiga tairi teke, anasema zuri. Mura, meno ya gari yako chini!

KUNDI LA PILI: "Toyota ni Toyota"

Hili ndilo kundi kubwa, na wazee wote wa nyumbani wamo. Kwao ubishi umeisha kabla haujaanza. Toyota haifi.

Injini haifi, sawa. Nakubali. Ila gari haliui injini peke yake. Marekani kuna pikapu ya Toyota inaitwa Tacoma, wanaipenda kule kama sisi tunavyopenda Hilux. Mwaka 2008 Toyota wenyewe walilazimika kuongeza dhamana kwa Tacoma za 1995 hadi 2000 kwa sababu chasisi zilikuwa zinaoza, na nyingine wakazinunua tena kutoka kwa wenyewe. Mwaka 2016 wakafikia makubaliano mengine mahakamani, safari hii Tacoma za 2005 hadi 2010 na ndugu zake Tundra na Sequoia, gharama ikikadiriwa kufika dola bilioni 3.4. Bilioni, siyo milioni. Injini za magari hayo zilikuwa zinaunguruma vizuri kabisa juu ya chuma kilichooza. Hiyo ni Toyota, tena siyo ya wizi.

Wazee wengine wanaruka upande wa pili, wanasema basi tafuta Landrover, ile haishiki kutu. Hapa kuna nusu ya ukweli, na nusu hiyo ndiyo mbaya. Landrover ilipoanza 1948 Uingereza ilikuwa na uhaba wa chuma baada ya vita, wakatumia aluminiamu kwenye bodi. Aluminiamu haishiki kutu ya wekundu. Lakini chasisi yake ni chuma, na chuma hicho kinaoza kimya kimya wakati bodi inakutazama usoni inacheka. Tena pale aluminiamu inapogusana na chuma kukiwa na unyevu na chumvi, aluminiamu ndiyo inaliwa. Toka Defender ya zamani iache kutengenezwa Januari 2016 nzima zimekuwa ghali, na zilizobaki kwa bei yetu ni za kufufua.

Na msinidanganye kwamba bara hakuna kutu. Ni kweli Mbalibali haina upepo wa bahari, gari linalolala Kigamboni au Unguja linaumwa haraka kuliko la kwetu. Ila masika ikija, ule udongo mweusi unaonata unajaa kwenye matumbo ya matairi, unakaa na maji wiki nzima, na hakuna anayelaza gari chini kuuosha. Tope lile ni kama kumfunga mtu bandeji mbichi kwenye kidonda.

Halafu jambo ambalo wengi hawalijui. Hizi gari ndogo, IST, Vitz, Probox, hazina chasisi ya pembeni kama lori. Bodi ndiyo chasisi. Kwa hiyo ukiona kutu imetoboa pale chini ya milango, usiseme "si pembeni tu, fundi atapiga pati". Hapo umeona nguzo ya nyumba imeliwa na mchwa.

KUNDI LA TATU: "Raha ya gari ni kuendesha"

Hawa ni wenzangu wa hosteli, vijana wa Subaru. Wanataka baba mdogo anunue Forester. Kisa? Inakamata barabara, matairi yote manne yanavuta, sauti yake inasisimua.

Nitawashangaza. Hoja yao kubwa naikubali. Wazee wanasema gari ni la kazi, raha ni ya wahuni. Hapana! Mtu anayeendesha saa nzima kwenye barabara iliyojikunja kama bati la kuezekea, usukani ukicheza, kiti kimebonyea, taa hafifu, huyo anafika amechoka, na aliyechoka usiku ndiye anayegonga ng'ombe wa watu au kutumbukia mtaroni na mgonjwa ndani. Usukani unaokutii, breki unayoielewa, gia inayoingia bila kugombana, hiyo ndiyo raha, na raha hiyo inaokoa roho. Kwa hiyo raha ihesabiwe, tena bila aibu.

Ila Subaru hapana, siyo kwa Mbalibali. Forester zile za 2002 hadi 2007, ambazo ndizo hela yetu inazifikia, injini yake imelala, pistoni zinapigana ngumi kushoto na kulia. Ndiyo maana uzito unakaa chini na kona inakatika vizuri. Lakini injini ile inatumia mkanda wa taiming, na mkanda unabadilishwa kila kilomita laki moja hivi. Ukikatika safarini valvu zinagongana na pistoni, basi, umenunua injini nyingine. Na plagi zimekaa ubavuni, kuzitoa ni mazoezi ya viungo. Hapa Dar mafundi wa Subaru wapo. Mugumu fundi anayeijua kwa kuisikiliza utampata wapi, na saa nane usiku?

Uaminifu wa gari siyo nembo iliyobandikwa mbele. Ni gari, fundi na spea vikiwa karibu pamoja. Likiharibika Jumatatu na spea ikatoka Dar Ijumaa, kwa mama mwenye uchungu hilo siyo gari.

Na raha bila chuma kizima haijawahi kumlinda mtu. Waitaliano walikuwa na Lancia Beta, ilitoka 1972, watu wakaisifu sana kwa uendeshaji. Kufika 1980 Uingereza ikawa kashfa, fremu iliyobeba injini inaoza, kampuni ikanunua tena magari kwa wateja. Jina halikupona, na 1994 Lancia ikaondoka kabisa soko la Uingereza. Ilikuwa na raha zote hizo!

SASA MIMI NASEMAJE?

Nasema kwanza chuma, pili fundi, tatu raha, lakini yote matatu yawepo. Na gari linalotosha ni lile mnalolicheka. Probox.

Ngojeni kwanza, msirushe viatu. Najua kwetu Probox ni mchomoko, watu kumi ndani na abiria mmoja amekaa ubavuni mwa dereva. Kenya inasifika kwa kukimbiza miraa. Lakini lisilaumiwe gari kwa dhambi za wanaolipakia. Ilianza 2002. Tafuta ya injini ya 1.5, ile 1NZ, ndugu wa ya IST. Inatumia mnyororo, siyo mkanda, na hakuna fundi kuanzia Tarime mpaka Bunda asiyeijua. Zipo zenye kuvuta matairi manne, na zipo za gia ya mkono. Gari lina takribani tani moja tu, gia unaichagua mwenyewe, injini inapanda kwa hamu. Aliyewahi kuendesha Probox ya gia ya mkono ikiwa haina mzigo anajua nasema nini. Kiti cha nyuma ni chembamba, nakiri, bibi atakaa mbele.

Ila iwe ya gia ya mkono, iwe na nini, kabla hela haijatoka tunalala chini. Chukueni hizi, zitawasaidia na nyie siku mkipata kazi:

- Nenda mchana, na gari liwe kavu. Maji yanaficha mengi.
- Sumaku ndogo. Ipitishe juu ya matairi na chini ya milango. Ikigoma kunata, hapo kuna pati, siyo chuma.
- Bisibisi. Gonga taratibu chini ya gari. Chuma kizima kinalia, kilichooza kinanyamaza au kinabonyea.
- Inua zulia na tairi la spea. Ukikuta maji au unga mwekundu, aga kwa heshima.
- Angalia mabomba ya breki na pale shokapu za nyuma zinaposhikwa.
- Chini kukiwa kumepakwa rangi nyeusi mbichi mbichi, uliza kwa nini. Anayepaka lami tumboni mwa gari siku moja kabla ya kuliuza hapambi.
- Muuzaji akikataa gari liinuliwe kwa jeki, ameshakujibu.

Kutu ya juu juu kwenye nati na ekzosi isikutishe, hiyo ipo kwa kila gari. Inayotisha ni ile inayotoka kama magamba.

Kwa hiyo wa namba E, wa Toyota ni Toyota, na wa Subaru, nimewasikia wote. Jumamosi naenda yadi na sumaku na bisibisi mfukoni, anayetaka aje tulale chini pamoja, asiyetaka akae na namba yake. Baba mdogo nimeshampigia simu, nimemwambia ng'ombe wasitoke zizini mpaka nimeona tumbo la gari.

Naomba kuwasilisha.