Likizo ya Sufuria

Kamusi za Kiswahili hulipa neno likiza maana mbili: kumpa mtu ruhusa ya kupumzika kazini, na kumwachisha mtoto ziwa. Mwanafunzi wa mjini huijua ile ya kwanza tu. Katika vijiji vya Mto Tana, kuanzia Nanighi na kushuka hadi Garsen, maana zote mbili hutimia siku moja. Shule inapofungwa, mtoto hupewa ruhusa ya kwenda nyumbani na papo hapo huachishwa sahani ya mahindi na maharagwe.

Chakula cha shule si jambo geni nchini Kenya. Mpango huo ulianza mwaka 1980 kwa ushirikiano wa Serikali na Shirika la Mpango wa Chakula Duniani. Mwaka 2009 Serikali ikaanzisha mpango wake wa kununua chakula humu nchini, na mwaka 2018 shirika hilo likaikabidhi jukumu lote. Ni hatua ya kusifiwa. Kasoro yake ni kwamba mpango umefungamanishwa na kalenda ya masomo, ilhali njaa ina kalenda yake.

Likizo ya Agosti ndiyo ngumu zaidi. Mvua za masika zimekoma tangu Mei na za vuli hazitarajiwi kabla ya Oktoba. Malisho yamekauka, ng'ombe wamehamishwa mbali, na maziwa yamekwenda nao. Sufuria ya shule huepuliwa wakati uleule ambapo ya nyumbani imekosa cha kupikwa. Aliyeipanga kalenda hii, bila shaka, hakuwa mfugaji. Aprili nayo ina kisa chake: mwaka 2024 mafuriko yaliahirisha ufunguzi wa shule kutoka tarehe 29 Aprili hadi 13 Mei, na wiki mbili zikaongezeka bila mlo huo.

Wapo watakaosema kwamba chakula cha muhula chenyewe huchelewa, sembuse cha likizo. Hoja hii ni nzito, ila inachothibitisha ni udhaifu wa ugavi. Haithibitishi kuwa mtoto haoni njaa mwezi wa Agosti. Isitoshe, jambo lenyewe limewahi kufanyika. Mwaka 2011, ukame ulipoikumba Pembe ya Afrika, mlo wa shule uliendelezwa wakati wa likizo ya Agosti katika maeneo kame ya Kenya. Kwa nini lililowezekana katika dharura lishindikane katika utaratibu wa kawaida?

Marekani, nchi isiyojulikana kwa ukame wa aina hii, ilianza kujaribu mlo wa likizo kwa watoto wa maeneo maskini mwaka 1968, na mwaka 1975 ikaufanya wa kudumu. Kwa miaka mingi mtoto alilazimika kula palepale anapopewa. Hivi karibuni sheria imewaruhusu wa vijijini kubeba chakula hadi nyumbani, kwa kuwa wako mbali na vituo. Nanighi, ambako familia huhama na mifugo, haihitaji kungoja nusu karne ili kujifunza hilo.

Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, Ibara ya 53, inampa kila mtoto haki ya lishe ya msingi bila kutaja muhula. Katiba hiyohiyo imeiweka elimu ya chekechea chini ya kaunti, na ya msingi chini ya Serikali ya kitaifa. Hivyo ndugu wawili wa nyumba moja huwa na serikali mbili wakiwa shuleni. Likizo ikifika hawana hata moja.

Ianzwe na Agosti. Madrasa nyingi huendelea shule zikifungwa, na watoto hukusanyika huko na visimani. Sufuria ipelekwe waliko, na mpishi alipwe kama mfanyakazi mwingine yeyote. Kwa likizo ya Aprili, ambapo barabara hukatika, mgawo mkavu utolewe kwa wazazi siku ya kufunga shule, lori likiwa bado linapita.