Kipande kwanza, diploma baadaye

Nina ombi kwa wakubwa wa elimu ya ufundi hapa Burundi, na nalisema mapema ili asiyekubaliana nami ajue tunabishania nini. Kijana anayesomea ufundi mitambo asipewe diploma ya A2 mpaka kipande alichokikereza kwa mikono yake kiwe kimefungwa kwenye mashine ya mtu, kimefanya kazi msimu mzima, na mwenye mashine amekiri kwamba kimemfaa. Mtihani wa karatasi ubaki, sina ugomvi nao. Ila uje baada ya msimu huo.

Mimi ni mkereza, karakana yangu iko Rumonge. Wazazi wangu walikimbia mwambao huu mwaka 1972, nikalelewa upande wa Tanzania, na kazi hii nikafundishwa Kigoma na mzee aliyestaafu karakana ya reli. Mzee yule hakuwa na cheti cha kunipa. Alikuwa na sharti: kipande ukishakimaliza, unakipeleka mwenyewe kwa mwenye mashine, unakifunga mbele ya macho yake, na huondoki mpaka mashine iwake na wewe uisikie inavyozunguka.

Msafiri anayepita barabara ya RN3 kutoka Bujumbura, kilomita sabini na kitu, huiona Rumonge kama mji wa samaki na mawese. Mimi nauona mji wa vitu vinavyochakaa. Kuanzia Magara na Minago mpaka Kigwena na Nyanza-Lac kuna mashine za kukamua mawese, nyingi zimeundwa na mafundi wa hapahapa, za mikono na za injini. Kuna vinu vya muhogo na mahindi, mashine za kukoboa mpunga, injini za mashua, pampu za maji. Kila moja ina shafti, beringi, bushi au gia, na kila moja siku moja itasimama. Ikisimama, mara nyingi kipande kinapakiwa kwenye gari kwenda Bujumbura, mwenye mashine anakaa kusubiri, na ngazi za michikichi alizokwisha kukata zinaharibika chini ya kibanda.

Tuichukue mashine ya kukamua ya mikono. Ina pipa la chuma lenye matundu, sahani ya kukandamizia, na katikati parafujo nene kama kifundo cha mkono, inayozungushwa na watu wawili kwa mtaimbo. Parafujo inapita ndani ya nati. Nguvu yote ya kukamua inabebwa na meno ya hiyo nati na meno ya hiyo parafujo. Nati ikiisha, fundi mwenye haraka huchonga nyingine kwa chuma kilekile cha parafujo, anachomelea, anapokea hela yake. Msimu huo mashine inakwenda. Msimu unaofuata chuma kimekula chuma kingine, na sasa si nati peke yake iliyokufa bali na parafujo, ambayo ndiyo ghali. Nati inatakiwa iwe ya bronzi. Bronzi ni laini kuliko chuma cha pua, kwa hiyo yenyewe ndiyo inayolika, parafujo inabaki, na siku ya kubadilisha unabadilisha kipande kidogo.

Uzi wenyewe si ule wa boliti wenye ncha ya pembetatu. Ni uzi wa mraba, kwa sababu wa mraba unasukuma moja kwa moja bila kuitanua nati kwa pembeni. Kama kutoka jino hadi jino ni milimita 12, kina chake ni milimita 6, na kisu cha kukatia nacho kina upana wa milimita 6, pamoja na nafasi nyembamba ya kuifanya nati ipite bila kukwama. Kisu unakinoa mwenyewe kwenye jiwe, na ubavu wake lazima uufuate mlalo wa uzi, la sivyo kitausugua ukuta badala ya kukata. Mashine unaiendesha polepole. Unakata kidogo, unarudisha, unakata kidogo tena, na mkono wako hauachi kuusikiliza ule mtetemo, maana kisu kikianza kulia ujue kuna kitu kimelegea.

Kijana akiikata nati hiyo mara moja kwa ajili ya mtu anayeisubiri, ameelewa kazi yetu ilivyo: katika kila mashine kuna kitu kilichowekwa ili kiliwe, kingine kipone. Ndivyo ilivyo hata kwa ile pini ya propela kwenye injini ndogo za mashua. Imewekwa laini makusudi, ili propela ikigonga jiwe ikatike yenyewe na gia zisalimike. Vijana wa ufukweni wanaiona pini imekatika, wanasema ni dhaifu, wanapigilia msumari mgumu mahali pake. Safari inayofuata zinavunjika gia, na bei ya gia mvuvi hana. Jambo hilo linaweza kuandikwa ubaoni kwa dakika mbili, nalo likasahaulika kwa muda huohuo.

Vijana wenye diploma wanakuja kwangu kutafuta kazi, na kusema kweli wanaijua michoro kunishinda. Wanaijua hesabu. Nikimpa mmoja shafti na kipimo cha venia nimwulize imelika kiasi gani, anapima mahali pamoja na kunitajia namba. Shafti hailiki sawasawa. Inapimwa kwenye bushi, mbele ya bushi, nyuma yake, halafu inageuzwa robo na kupimwa tena, kwa sababu iliyolika upande mmoja inakwambia kwamba mashine haikusimama sawa kwenye msingi wake, na ukiikereza bila kuunyoosha msingi umefanya kazi bure. Simlaumu kijana. Nimeingia karakana za shule zaidi ya moja, ambazo sitazitaja. Nimekuta mashine nzuri ya kukerezea imefunikwa turubai, imepakwa rangi mpya, na hakuna hata kipande cha chuma cha kuikatia. Bajeti ilinunua mashine, haikununua chuma wala visu. Mwanafunzi anakaribia kumaliza masomo na muda aliosimama kwenye ile mashine, peke yake, kwa kazi yenye mwenyewe, ni mdogo mno.

Tuna shule zenye jina, kama ile ya ufundi ya Kamenge, na tuna vituo vya ufundi vinavyowapokea vijana waliokatiza masomo. Jirani zetu Tanzania walitunga sheria ya VETA, mamlaka yao ya mafunzo ya ufundi stadi, mwaka 1994, na wamejaribu uanagenzi ambao kijana anagawa muda wake kati ya chuo na mahali pa kazi. Sisi tunapo mahali pa kazi tayari, na wala si pa kutafuta. Ni ufukwe huu.

Ziwa Tanganyika lenyewe limetuonyesha thamani ya mafundi. Meli ya Liemba iliundwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913, ikafunguliwa vipande, ikasafirishwa hadi Dar es Salaam na kwa reli mpaka Kigoma, ikashushwa majini Februari 1915 kwa jina la Graf von Götzen. Julai 1916 Wajerumani waliizamisha wenyewe isitekwe, lakini kabla ya kuizamisha injini zilipakwa grisi nzito. Waingereza walipoiibua mwaka 1924 mitambo ilikuwa bado ya kutengenezeka, na mwaka 1927 meli ikarudi kazini kwa jina tunalolijua. Miaka ya 1970 ikaondolewa mvuke na kutiwa dizeli. Mei 2015 ndiyo iliyowabeba Warundi waliokimbilia Kagunga, upande wa Tanzania, na kuwafikisha Kigoma, wakiwemo watu wa mwambao huu. Meli ya umri ule haina duka la vipuri. Inaishi kwa sababu kuna mtu anayeweza kutazama kipande kilichokufa na kukitengeneza upya kutoka kwenye chuma kibichi. Watoto wetu waliobebwa na meli ile hawashindwi kuwa watu wa namna hiyo.

Sasa ratiba. Ndagala wanavuliwa kwa taa, usiku wa giza. Mwezi ukikaribia kujaa, taa hazivuti samaki, na mashua za apolo zinapumzika ufukweni siku kadhaa huku wavuvi wakishona nyavu. Hizo ndizo siku ambazo injini zinaweza kufunguliwa bila mtu kukosa riziki. Chuo chochote cha mitambo cha mwambao huu kingepanga wiki zake za karakana kwa kalenda ya mwezi, na masomo ya darasani yakae kwenye usiku wa giza. Upande wa Tanzania walifunga uvuvi miezi mitatu mwaka 2024, kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti, ili samaki wazaane. Popote ziwa linapofungwa namna hiyo, injini zinalala, na chuo chenye akili kingezipokea zote. Mashine za mawese nazo zina miezi yake ya mapumziko, mavuno yanapopungua.

Wenzangu mafundi wananiambia nawaita wanafunzi waje kutunyang'anya wateja. Siogopi. Kazi inayopanda gari kwenda Bujumbura ni nyingi kuliko mikono yetu yote tuliyobaki hapa. Wasiwasi ninaoukubali ni mwingine: kijana kutumikishwa. Nimeona karakana ambamo mwanagenzi anafagia, anachota maji na kununua chai mwaka mzima, na mashine haigusi. Kwa hiyo kazi ifanyike ndani ya chuo, chini ya mwalimu anayekipima kila kipande kabla hakijatoka na kuandika jina lake kwenye daftari pamoja na la mwanafunzi. Kikiharibika, watu wawili wanajulikana. Mteja alipe chuma tu, na kidogo cha kununulia visu. Hapo bajeti haitakuwa kisingizio tena.

Umeme utakatika, najua. Mitambo ya umeme wa maji ya Jiji na Mulembwe inatupa matumaini, karibu megawati 50 kwa pamoja, lakini hata bila umeme kuna jiliwa, tupa na tindo. Kijana asiyeweza kunyoosha uso wa chuma kwa tupa mpaka rula ikae bila kupitisha mwanga, mashine haitamfundisha kunyoosha.

Na wasichana waingie. Kukereza hakuhitaji misuli, kunahitaji jicho na subira, na wengi wa wateja wetu wa mawese ni akina mama ambao wangefurahi kuzungumza na binti anayewaelewa.

Mama mmoja wa Mutambara aliniletea nati yake. Nilimpa kijana niliyekuwa namfundisha aikate yote, mimi nikisimama nyuma, kisha nikampeleka akaifunge. Mashine ilipozunguka, mama hakuniuliza mimi lolote. Alimgeukia yule kijana.

"Mwanangu, hii ikikatika nitakupata wapi?"

"Nipo kwa mzee, mama. Hata Jumapili nipo nyumbani, nyuma ya soko. Uliza tu fundi wa nati."

Kesho yake kijana alipita pale kwenye mashine akiwa njiani kuja kazini, bila kutumwa na mtu, akaigusa nati kwa mkono kuona kama inapata moto. Ikawa mazoea yake msimu mzima. Hakuna swali la mtihani ninalolijua linaloweza kumfanya mwanafunzi apite kuangalia kipande chake. Swali la yule mama liliweza, na naomba Wizara iliingize kwenye masharti ya diploma: jina la mwenye mashine, tarehe kipande kilipofungwa, na sahihi yake msimu ukiisha.