Kabla hujapulizia sukuma dawa, geuza jani

Panda juu ya ploti nyingi za Kayole, Githurai au Pipeline na utapata shamba. Sukuma wiki kwenye magunia, spinachi kwenye ndoo kuukuu za rangi, dania kwenye mitungi iliyokatwa. Hiyo ni poa. Kisicho poa ni kinachofuata: mtu anaona vitu vya manjano chini ya jani, anapiga picha, anaitupa kwa grupu ya WhatsApp, na jibu la kwanza ni "puliza dawa." Mbona hakuna anayeuliza hayo ni mayai ya nani?

Manake hiyo sukuma si ya maonyesho. Ni ya kuliwa na ugali jioni hiyo hiyo, na mtoto wa jirani atapewa kidogo.

Chukua vidukari, wale wadudu wa kijivu wanaojazana kwenye majani machanga kama waliomwagiwa unga. Katika hali ya hewa yetu, jike la kidukari kwa kawaida halitagi. Linazaa watoto hai, na hata dume halihitajiki. Kwa hivyo ukikuta mayai katikati yao, kuna uwezekano mkubwa ni ya aliyekuja kuwala.

Mara nyingi ni kile kidudu chekundu chenye madoa meusi, kiviringo kama nusu ya njegere. Mayai yake ni ya manjano na yamesimama wima, yamekaribiana kama chupa za soda kwenye kreti. Yakianguliwa, anatoka kiumbe mweusi mwenye alama za rangi ya chungwa, kama mamba mdogo. Huyo ndiye watu huponda wa kwanza, ati kwa sababu ya sura! Kumbe anakula vidukari kutwa nzima. (Ndugu zake wachache hula majani, hasa ya maboga, lakini si sukuma yako.)

Yai jeupe kama kipunje cha mchele, peke yake kati ya vidukari, huwa la nzi wa maua, na buu wake pia hula vidukari. Yai lililoning'inia kwenye uzi mwembamba kama unywele ni la mdudu mwenye mabawa ya wavu, mlaji mwingine. Na kidukari aliyevimba, akawa wa hudhurungi na hasogei, tayari ana mtoto wa nyigu tumboni.

Adui ni nani basi? Mayai yaliyolala bapa na kupandana kama magamba ya samaki ni ya nondo. Hayo ponda bila huruma. Kuna nondo mwingine mjanja zaidi, mwenye alama za almasi mgongoni: hutaga vijiyai vya manjano kimoja kimoja au vichache, karibu na mishipa ya jani. Kiwavi wake ni wa kijani. Mguse, atajipinda kwa fujo na kushuka kwa uzi. Anakula jani akiacha ngozi nyembamba, kama dirisha.

Huyu wa almasi ndiye anayefanya nione ushauri wa grupu ni hatari. Huko Java, Indonesia, iliripotiwa mwaka 1953 kwamba amezoea DDT, na tangu hapo amezizoea dawa nyingi nyingine. Walinzi wake hawana bahati hiyo. Ukipuliza ovyo, wao wanakufa, yeye anabaki na gunia zima.

Wataalamu wetu walishaona hili. Mwaka 2002, icipe, taasisi ya wadudu iliyoko Kasarani, iliachilia nyigu mdogo kutoka Taiwan kule Wundanyi, Taita. Nyigu huyo hutaga ndani ya kiwavi wa nondo huyu, na mtoto wake humla kutoka ndani. Kama sinema ya kutisha, lakini inasaidia mkulima.

Gunia moja lina majani mangapi, kwani? Dakika tano zinatosha kuyageuza yote. Zuumu na simu. Kiwavi mtoe kwa vidole, vidukari wengi waoshe kwa maji, na sisimizi wanaowalinda wazuie kupanda. Ikibidi kununua dawa, mwambie mwenye agroveti ni mdudu gani na ni sukuma ya kula, kisha soma kwenye lebo ni siku ngapi za kungoja kabla ya kuchuma. Kama lebo imebanduka au dawa imepimwa kwenye chupa ya soda, mrudishie.