Mgeni Aliyekatazwa Jembe



Wahenga walitufundisha kwamba mgeni ni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Methali hiyo haikukusudia kumfukuza mgeni. Ilimpa njia ya kugeuka mwenyeji: alime pamoja na wenzake, ale jasho lake, na mwishowe pasiwepo wa kumwuliza alikotoka. Dunia ya leo inaye mgeni wa namna nyingine, ambaye jembe amekatazwa na sheria. Huyu ni mzee aliyestaafu kazi kwao, akaenda kumalizia siku zake katika nchi ya watu. Haruhusiwi kuajiriwa. Anachotakiwa kuwa nacho ni fedha, na kila mwaka hana budi kurudi kwenye dirisha la Uhamiaji kuthibitisha kwamba bado anazo.

Tuitazame Thailand, nchi inayopokea wastaafu wengi kutoka Ulaya, Marekani na Australia, na ambayo masharti yake yamewekwa kwa tarakimu. Chini ya Sheria yake ya Uhamiaji ya mwaka 1979, mgeni aliyetimiza umri wa miaka 50 aweza kuomba kuongezewa muda wa kukaa, mwaka mmoja mmoja, kwa ada ya baht 1,900. Sharti kubwa ni akiba ya baht 800,000 katika benki ya nchi hiyo, au mapato ya baht 65,000 kwa mwezi, au akiba na mapato ambayo kwa jumla yanafikia 800,000 kwa mwaka. Tangu Machi 2019, anayetumia akiba hutakiwa kuiweka benki miezi miwili kabla ya kuomba na miezi mitatu baada ya kukubaliwa. Katika miezi iliyobaki haipasi kushuka chini ya baht 400,000. Kila baada ya siku 90 mgeni huyo hutoa taarifa ya mahali anapoishi. Akitoka nchini bila kibali cha kurejea, mwaka aliopewa hufutika. Akipitisha muda, hutozwa baht 500 kwa siku hadi kikomo cha 20,000. Tena, tangu Machi 2016, anayekamatwa akiwa amepitisha muda hupigwa marufuku kurudi kwa miaka 5, au miaka 10 ikiwa amepitisha zaidi ya mwaka mmoja.

Hatusemi kwamba masharti haya ni dhuluma. Kila taifa lina haki ya kujua ni nani anayeishi ndani ya mipaka yake, na si kosa kumtaka mgeni asiwe mzigo kwa wakulima na wafanyakazi wanaolipa kodi. Isitoshe, wengi wa wageni hawa wana uwezo kuliko majirani zao. Swali tunaloliuliza ni jingine: yatampata nini yule aliyetimiza sharti siku alipoingia, akaishi kwa amani miaka kumi au ishirini, kisha uzee na mabadiliko ya dunia yakampunguzia alichokuwa nacho?

Tumchukue mstaafu wa Kiingereza. Pensheni ya serikali ya Uingereza haiongezwi mwaka hadi mwaka kwa wanaoishi Thailand. Hubaki vilevile, ingawa mwenzake aliyebaki nyumbani huongezewa. Mwaka 2006 pauni moja ilipata takriban baht 70. Mwaka 2019 ilipata takriban 40. Maana yake ni kwamba ili kufikia baht 65,000 kwa mwezi, mzee huyo alihitaji kama pauni 930 hapo kwanza, na pauni 1,625 baadaye. Kiwango hakikupanda hata kwa baht moja, ila mzigo uliongezeka kwa karibu robo tatu juu ya mabega ambayo nayo yalikuwa yamezeeka. Akiugua, mambo huwa magumu zaidi. Akiba inayomtetea mbele ya afisa haiwezi kumlipia hospitali, kwa maana akiitoa ikapungua kuliko kiwango, amepoteza ruhusa ya kukaa.

Lingine lilitokea mwaka 2018. Kwa miaka mingi mstaafu aliweza kuthibitisha mapato yake kwa barua ya ubalozi wa nchi yake. Mamlaka za Thailand zilipotaka balozi zihakikishe ukweli wa mapato hayo, balozi za Uingereza, Marekani na Australia zilisema haziwezi, zikatangaza kuacha kutoa barua hizo. Baadaye Uhamiaji ilikubali badala yake ushahidi wa fedha zinazoingia benki kila mwezi kutoka ng'ambo. Kila upande ulikuwa na hoja yake. Lakini aliyelazimika kupanga upya maisha yake katika muda wa miezi michache ni yule mzee. Wapiganapo fahari wawili, ziumiazo ni nyasi.

Basi haki inadai nini? Kwanza, sharti lijulikane mapema, na liwe moja kwa kila dirisha. Mtu akikataliwa mjini jambo ambalo lingekubaliwa wilaya ya pili, hiyo si sheria tena, ni bahati nasibu. Pili, anayekataliwa apewe sababu kwa maandishi, na nafasi ya kurekebisha kasoro kabla muda wake haujaisha. Tatu, sheria iwe na mlango kwa mtu aliyezeekea ndani ya nchi, hasa mwenye mke, watoto au wajukuu waliozaliwa humo.

Asije mtu akasema hayo hayawezekani. Thailand yenyewe ilipoweka viwango vya juu iliwakumbuka waliotangulia. Mstaafu aliyeingia kabla ya tarehe 21 Oktoba 1998 na kuendelea kuruhusiwa kukaa bila kukatika, akiwa na umri wa miaka 60 au zaidi, aliwekewa akiba ya baht 200,000 au mapato ya baht 20,000 kwa mwezi. Hapo sheria ilitambua kwamba aliyekwisha kuketi mezani haambiwi kwamba bei ya kiti imepanda. Kanuni hiyo ni njema, na ingefaa kuwafikia pia waliokuja baadaye.

Mlango kama huo ukikosekana, hofu hutafuta mlango wa nyuma. Palipo na mzee aliyetishika na kanuni asiyoielewa, wakala hachelewi kufika, akiahidi kumaliza kila kitu bila maswali. Mzee hulipa, karatasi hupigwa mhuri, na tangu siku hiyo hukaa kwa fadhili za mtu badala ya kukaa kwa haki.

Wapendwa, tusiisome habari hii kama ya mbali. Malindi na Diani wako wastaafu wa kigeni, na Sheria ya Uraia na Uhamiaji ya Kenya ya mwaka 2011 iliweka kibali cha daraja K kwa mtu asiyepungua miaka 35, mwenye mapato ya uhakika, anayeahidi kutofanya kazi ya ujira. Huyo naye ni mgeni aliyekatazwa jembe. Tunasema mgeni njoo, mwenyeji apone, na kwa hakika wajenzi, wavuvi na wauza mboga wamepona kwa ujio wao. Je, mgeni huyo akizeeka na mfuko ukapungua, tutaendelea kumwita mgeni wetu?

Viongozi wa walei wana kazi hapa. Mwulizeni mzee wa kigeni anayeishi mtaani kwenu kibali chake kinaisha lini, mkumbusheni miezi mitatu kabla, na asiyeona vizuri au asiyeweza kusimama foleni apate kijana wa kumsindikiza. Kila karatasi itolewe nakala, kila malipo yadaiwe stakabadhi. Akikataliwa, mwombeni afisa sababu iliyoandikwa, kwa adabu na bila woga. Msimwandikie barua ya uongo, wala msimshauri kutoa chochote chini ya meza, kwa sababu anayenunua haki yake leo atauziwa tena mwakani kwa bei kubwa zaidi.

Nao ndugu zetu wanaokaa nyuma ya dirisha wakumbuke jambo moja. Mzee aliye mbele yao ameleta kitabu cha benki kwa sababu ndicho alichoagizwa kuleta. Miaka aliyoishi, majirani aliowazika na watoto aliowalea havina fomu ya kujazwa. Ni wajibu wa afisa mwenye utu kuvitambua, na ni wajibu wetu sisi raia kudai sheria itakayompa afisa huyo nafasi ya kuvipima.