Barua ya wazi kwa Waziri Hegseth: waacheni maafisa wasome

Kwa Mheshimiwa Pete Hegseth,
Waziri wa Ulinzi wa Marekani

Mheshimiwa Waziri,

Usinione mtovu wa adabu kwa kukuandikia kwa Kiswahili. Jeshi lako lenyewe liliwahi kukitafuta. Hadi mwaka 2016 mlikuwa na mpango ulioitwa MAVNI, wa kuwaandikisha wageni wenye ujuzi na lugha mlizozihitaji, na Kiswahili kilikuwamo kwenye orodha. Wapo watoto wa Afrika Mashariki walioingia jeshini kwa njia hiyo na wakapata uraia wakiwa ndani ya sare. Basi unapotoa amri kuhusu nani asome wapi, jambo hilo linajadiliwa hata kwenye sebule ambazo Kiingereza husubiri nje.

Tarehe 6 Februari 2026 ulitangaza kwamba kuanzia mwaka wa masomo wa 2026–27 wizara yako haitapeleka tena wanajeshi Harvard kwa masomo ya juu ya kijeshi, ufadhili wa utafiti wala kozi za cheti. Walioanza wamalize, wengine wasiende. Hoja yako, kwa ufupi, ni kwamba mliwapeleka kule maafisa bora mkitarajia chuo kiwaelewe wanajeshi, lakini wengi wakarudi wamefanana na chuo, vichwa vimejaa siasa za kimataifa na za mrengo wa kushoto. Ukaongeza kwamba vyuo vingine vya daraja hilo navyo vitaangaliwa.

Hoja hiyo naitilia shaka kwa sababu ya watu waliokuzunguka, na wewe ukiwa wa kwanza. Ulisoma Princeton, na ni mpango wa ROTC wa kuwafunza maafisa vyuoni uliokufanya afisa mwaka 2003. Ukaenda Guantanamo, Iraq na Afghanistan. Mwaka 2013 ukapata shahada ya uzamili pale pale Harvard, Shule ya Kennedy, na mwaka 2022 ukaishika shahada hiyo mbele ya kamera za Fox News na kuandika juu yake kwamba irudishwe kwa aliyeituma. Makamu wa Rais, JD Vance, alikuwa Marine kabla ya kusoma sheria Yale. Ron DeSantis alijiunga na jeshi la majini akiwa bado mwanafunzi wa sheria Harvard. Dan Crenshaw, komando aliyepoteza jicho Afghanistan, alipitia Shule ya Kennedy, kisha mwaka 2018 akachaguliwa kuwa mbunge wa Republican kutoka Texas. Seneta Tom Cotton ana shahada mbili za Harvard, na alizipata kabla hajawa afisa wa askari wa miguu. Kama Harvard ni kiwanda cha kugeuza vichwa vya watu, mashine zake ni mbovu kwelikweli.

Sisemi Harvard haina lawama. Inazo, na nyingine ni za zamani. Kikosi cha ROTC kilianza pale mwaka 1916, mwaka uleule sheria ya mpango huo ilipopitishwa. Aprili 1969, Vietnam ikiwaka, wanafunzi waliliteka jengo la University Hall wakidai, pamoja na mengine, ROTC ifukuzwe. Polisi waliwatoa alfajiri kwa virungu, lakini dai lao lilitimia, maana miaka miwili baadaye kikosi kilikuwa kimeondoka. Kwa miongo kadhaa baadaye, kijana wa Harvard aliyetaka kuwa afisa alilazimika kwenda kufundishwa chuo jirani cha MIT. Sababu ya kwanza ilikuwa vita, na baadaye ikawa sheria iliyowakataza mashoga kujitambulisha jeshini. Ukiniuliza mimi, sababu ya pili ilikuwa na haki ndani yake. Hata hivyo kulikuwa na unafiki katika taasisi iliyopokea fedha za serikali kwa ajili ya maabara zake huku ikiona haya kuonekana na gwanda uwanjani, wakati watoto wa wasio na uwezo ndio waliokuwa wakienda kufa.

Lakini hebu tazama serikali yako ilifanya nini wakati huo. Haikusema, "Sawa, na sisi hatuwataki." Katikati ya miaka ya 1990 Bunge la Congress lilipitisha kinachojulikana kama Marekebisho ya Solomon: chuo kitakachowafungia mlango ROTC au maafisa wa kuandikisha wanajeshi kinyimwe fedha za serikali kuu. Shule za sheria zikaenda mahakamani. Mwaka 2006 Mahakama ya Juu ya Marekani ikaamua, majaji wanane kwa sifuri, kwamba serikali ina haki. Kesi hiyo hadi leo inaitwa kwa jina la mtangulizi wako, Donald Rumsfeld. Sheria ile ya mashoga ilipofutwa, mwaka 2011 Rais wa Harvard, Drew Faust, alitia saini na Waziri wa Jeshi la Majini, Ray Mabus, kuirudisha ROTC. Jeshi lilishinda, tena lilishinda bungeni, mahakamani na mwisho kwenye meza ya chuo chenyewe. Wanaharakati wa 1969 walitaka wanajeshi watoke Harvard. Sijui kama umepata kujiuliza nani kati yenu na wao anayefurahi zaidi leo.

Ukipata nafasi, fika Memorial Hall pale Cambridge. Ni jengo la matofali mekundu, na katikati yake kuna ukumbi mrefu wenye giza kidogo, kuta zimepambwa kwa mbao na mabamba meupe ya marumaru. Kwenye mabamba hayo kuna majina 136 ya watu wa Harvard waliokufa upande wa Muungano katika vita vya wenyewe kwa wenyewe, kila mmoja na tarehe na mahali alipoangukia. Wa upande wa Kusini hawakuandikwa. Yumo Robert Gould Shaw, ambaye hakumaliza hata shahada yake. Aliongoza kikosi cha 54 cha Massachusetts, cha askari weusi, na aliuawa pamoja na baadhi yao Fort Wagner mwezi Julai 1863. Wanafunzi wa mwaka wa kwanza huyapita mabamba hayo wakienda kula, maana bwalo lao liko mlango wa pili. Wengi hawainui macho. Afisa aliye hai, aliyeketi nao darasani na kubishana nao kuhusu Afghanistan, angewafundisha kitu ambacho marumaru haiwezi.

Na yeye angejifunza. Shule ya Kennedy hupokea watumishi wa serikali kutoka pande zote za dunia. Ellen Johnson Sirleaf alihitimu pale mwaka 1971, miongo mitatu na ushee kabla ya kuwa Rais wa Liberia. Singapore ilimpeleka pale Lee Hsien Loong akiwa afisa wa jeshi. Alirudi kwao, akapanda hadi brigedia jenerali, na baadaye akawa Waziri Mkuu kwa miaka ishirini. Meja wako akiketi jirani na watu wa aina hiyo kwa mwaka mmoja, anaondoka na namba za simu ambazo hakuna chuo cha kijeshi kitakachompa. Jenerali George Marshall alipotaka kuitangazia dunia mpango wa kuijenga upya Ulaya, mahali aliposimama ilikuwa ni mahafali ya Harvard, tarehe 5 Juni 1947. Mwaka uliofuata Eisenhower akawa Rais wa Chuo Kikuu cha Columbia. Hao ndio majenerali walioshinda vita vikubwa kuliko vyote, na hawakuviogopa vyuo.

Kwetu Tanzania tuliwahi kuwa na ugomvi wa namna hii, ila ulikwenda kinyumenyume. Oktoba 1966 wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam waliandamana kupinga kulazimishwa kwenda Jeshi la Kujenga Taifa. Mwalimu Nyerere aliwafukuza karibu mia nne, akawarudisha vijijini kwao, na katika hasira hiyohiyo akapunguza mshahara wake mwenyewe. Wengi waliruhusiwa kurudi baadaye. Mwalimu alikuwa mkali mno siku ile, na wapo ambao hawakumsamehe. Lakini alichotaka ni msomi apite jeshini. Wewe unataka mwanajeshi asipite kwa wasomi.

Ungesema tu kwamba Harvard ni ghali, na kwamba vyuo vya umma au vyuo vyenu wenyewe vya kijeshi vya Carlisle na Newport vinafundisha mambo hayohayo kwa fedha kidogo, nisingekuandikia. Hilo ni suala la hesabu, na hesabu hufanyiwa kazi na watu wa hesabu, kozi kwa kozi. Lakini tangazo lako limekuja katikati ya mvutano wa Rais Trump na Harvard. Mwaka 2025 serikali ilizuia zaidi ya dola bilioni 2 za utafiti, na Septemba mwaka huo Jaji Allison Burroughs akasema zuio hilo halikuwa halali. Mvutano huo una mawakili wake. Kapteni aliyetoka zamu mbili ng'ambo, anayetaka kusoma bajeti za umma ili siku moja asitapeliwe na wauza silaha, si mdai wala mdaiwa katika kesi hiyo.

Ninachokuomba ni kidogo. Maafisa waliopitia Harvard kwa gharama ya wizara mnawajua kwa majina, na faili zao za utumishi mnazo: walipandishwa vyeo lini, waliongoza vikosi gani, nani aliacha jeshi. Amuru faili hizo zichambuliwe, bila majina, na matokeo yapelekwe kwa Kamati ya Seneti ya Huduma za Kijeshi kabla ya hatua nyingine yoyote ya aina hii. Kama kweli walirudi wameharibika, itaonekana humo. Na kamati ikitaka shahidi wa kuanzia, haina haja ya kumwita mtu kutoka mbali: Seneta Cotton ni mjumbe wake.

Wako katika ujenzi wa hoja,
Mwandishi