Kusoma si Kutamka

Kijana msomaji, watu husema kuwa mtu aliyekwenda shule ana macho mawili zaidi ya yule asiyekwenda. Neno hili ni zuri, lakini si kweli siku zote. Wako wanafunzi wengi ambao macho yao ya pili yamefumba. Hutamka Kiingereza kwa sauti ya kupendeza, hupamba insha zao kwa maneno marefu, na hupata alama za kuridhisha katika mtihani. Walakini wakipewa karatasi ya kawaida, ile inayofika katika kila nyumba, husoma kila neno lililoandikwa wasijue karatasi imesema nini. Nataka kuteta na wanafunzi hao, na pia na wale wanaowasifu. Siteti kwa sababu nawachukia. Nateta kwa sababu nilikuwa mmoja wao.

Nilipokuwa katika kidato cha pili nilisifiwa kuwa msomaji bora wa Kiingereza darasani mwetu. Siku moja ya likizo mjomba wangu alinijia na hati mkononi. Yalikuwa mapatano kati yake na kampuni moja iliyokodi shamba lake kwa miaka mitatu. Mjomba alikisoma Kiswahili vizuri, lakini Kiingereza hakukijua, na hati yote ilikuwa ya Kiingereza. Akaniambia, "Mwanangu, tumekusomesha kwa ajili ya siku kama hii. Nisomee." Nikasimama mbele ya wazee, nikasoma toka mwanzo hata mwisho bila kukwama. Wazee wakatikisa vichwa kwa furaha. Nyanya akanibariki.

Nilipokwisha, mjomba akauliza, "Sasa, imesema nini?" Nikajibu bila kusita, "Imesema, mjomba, kuwa miaka mitatu ikiisha shamba litarudi mikononi mwako."

Katikati ya hati ile palikuwa na neno moja dogo, nalo ni "unless". Maana yake ni "isipokuwa". Hati ilisema kuwa mapatano yataendelea kwa miaka mitatu mingine, isipokuwa mwenye shamba atoe taarifa kwa maandishi siku thelathini kabla ya muda kwisha. Neno hilo nililitamka vizuri sana, kisha nikalipita kama mtu apitaye mlango wa nyumba yake gizani. Taarifa haikuandikwa. Miaka mitatu ikaisha, mjomba akaenda shambani na jembe begani, akaonyeshwa karatasi ile ile niliyomsomea. Shamba lile alikuwa amemwahidi mwanawe wa kwanza alime na kujenga. Kijana yule ikambidi aende mjini kutafuta kibarua. Mjomba hakunilaumu hata siku moja, na huko kutolaumiwa ndiko kunakoniuma mpaka leo.

Huenda ukasema kuwa kosa lilikuwa la kampuni iliyomwandikia mtu hati kwa lugha asiyoijua. Sikatai, kampuni ilikuwa na lawama yake. Huenda ukasema tena kuwa Kiswahili ni lugha yetu, na kuwa hati zote zingeandikwa kwa Kiswahili taabu hii isingekuwako. Hilo nalo ni kweli, na mimi ni wa kwanza kulitaka. Katiba yetu ya mwaka 2010 imesema katika kifungu cha 7 kuwa Kiswahili ni lugha ya taifa, na kuwa Kiswahili na Kiingereza zote ni lugha rasmi. Lakini sheria imetangulia na karatasi zimebaki nyuma. Mpaka karatasi zitakapoifuata sheria, nani atasimama kati ya mzazi wako na hati asiyoweza kuisoma? Ni wewe. Anayepigania Kiswahili hana haja ya kuwa kipofu katika Kiingereza. Mlinzi mwema hulinda milango yote miwili ya nyumba.

Usidhani kuwa kosa langu lilitokana na kuwa Kiingereza si lugha ya mama yangu. Mwaka 2006 watafiti wa Marekani, akiwemo Terry Davis, walitangaza matokeo ya uchunguzi wao juu ya maagizo yanayobandikwa kwenye chupa za dawa. Waliwachunguza watu wazima 395, wote wasemaji wa Kiingereza. Agizo moja lilimtaka mgonjwa ameze vidonge viwili, mara mbili kwa siku. Katika wale ambao uwezo wao wa kusoma ulikuwa mdogo, watu kama 71 katika kila 100 waliweza kulieleza agizo lile sawasawa. Kisha wakatakiwa waonyeshe vidonge vyote vya siku moja. Hesabu yake ni rahisi: ni vidonge vinne. Walioweza kuonyesha vinne walikuwa kama 35 tu katika kila 100. Kinywa kilikuwa kimesoma, mkono haukuwa umesoma. Ikiwa mambo ni hivyo kwa watu waliozaliwa katika lugha hiyo, itakuwaje kwetu sisi tuliokutana nayo darasani?

Hapa ndipo ninapotofautiana na mazoea ya wanafunzi wengi. Mwanafunzi akitaka kukijua Kiingereza hutafuta maneno mazito. Huyaandika katika daftari, huyakariri usiku, na asubuhi huyamwaga mbele ya wenzake kama mfanyabiashara anayetandaza bidhaa. Wenzake hushangaa. Debe tupu haliachi kutika. Maneno hayo mazito hukutana nayo mara moja kwa mwaka. Maneno madogo hukutana nayo katika kila mstari, na ndiyo yanayouza mashamba ya watu. "May" hutoa ruhusa, "must" hutoa amri. Anayeyachanganya hudhani ana hiari mahali asipokuwa nayo. "At least" huweka kiwango cha chini, "at most" huweka kiwango cha juu. "Until" huonyesha mwisho wa jambo, "except" humtoa mtu katika hesabu ya wengine. Je, mwanafunzi, maneno haya sita unayajua kama ulijuavyo jina lako, au unayatambua kwa sura tu?

Mwalimu mmoja Mwingereza, Michael West, aliyefundisha Bengal wakati nchi hiyo ilipokuwa chini ya Uingereza, aliliona jambo hili zamani. Alitunga vitabu vya kusoma kwa maneno machache yaliyochaguliwa kwa uangalifu, na mwaka 1953 akatoa orodha ya maneno kama 2,000 yanayotumika zaidi katika Kiingereza. Maneno hayo ndiyo sehemu kubwa sana ya maneno yote katika ukurasa wa kawaida. Basi mtu aliyeyashika sawasawa ana ufunguo wa mlango mkuu, na yule aliyeyaruka akakimbilia maneno ya fahari ana funguo za makabati katika nyumba asiyoweza kuingia.

Lakini maneno hayashikwi kwa kukariri orodha. Hushikwa kwa kukutana nayo mara nyingi, leo katika habari hii na kesho katika habari ile, mpaka yawe marafiki. Twaa mfano wa Fiji, nchi ya visiwa ambayo watoto wake, kama wetu, huzungumza lugha nyingine nyumbani na kusoma kwa Kiingereza shuleni. Mwaka 1980 Warwick Elley na Francis Mangubhai walianza jaribio katika shule za msingi za mashambani zilizokuwa na uhaba wa vitabu. Madarasa kadhaa yalipewa vitabu vya hadithi 250 kila moja, vitabu vyepesi vyenye picha na visa vya kuvutia. Madarasa mengine yaliendelea na masomo yake ya kawaida. Baada ya miezi minane hivi, watoto waliopewa hadithi walikuwa wameendelea katika kusoma kwa kasi kama mara mbili ya kawaida. Hawakupewa maneno mazito. Walipewa kurasa nyepesi, nyingi, wakaachwa wazifurahie.

Wanafunzi wetu huionea haya kurasa nyepesi. Kijana wa sekondari akionekana na kitabu cha hadithi rahisi hukificha chini ya dawati, na kile kigumu asichokielewa hukibeba kifuani ili watu wakione. Mficha uchi hazai. Ikiwa katika kila maneno mia ya ukurasa hujui zaidi ya matano, ukurasa huo ni mlima kwako leo. Uweke kando, panda kilima kwanza. Kurasa kumi nyepesi kila siku ni kurasa 3,650 kwa mwaka. Mwenye kurasa hizo kichwani atarudi kwenye kitabu kile kigumu na kukikuta kimekuwa tambarare.

Zaidi ya hadithi, liko darasa lingine lisilodai ada, nalo ni karatasi za nyumbani mwenu. Soma maagizo ya dawa ya mdogo wako: je, ni kabla ya chakula au baada yake? Soma kopo la dawa ya kunyunyizia mboga, utazame ni siku ngapi zipite kati ya kunyunyizia na kuvuna; mkulima asiyeisoma sehemu hiyo huweza kupeleka sumu sokoni bila kukusudia. Soma tarehe iliyopigwa chapa kwenye bidhaa iliyotoka nje: sisi huanza na siku, Wamarekani huanza na mwezi, na kwa hiyo tarehe ile ile huweza kusomwa mara mbili kwa maana mbili. Soma bili ya stima, tangazo la kazi, fomu ya mkopo wa masomo, na maandishi madogo yaliyo chini ya ukurasa, ambayo yanaonekana kama yaliandikwa yasisomwe. Soma gazeti ambalo jirani amekwisha kulisoma. Kiingereza hiki hakina fahari, lakini ndicho kinachoshika afya yenu, fedha zenu na ardhi yenu.

Najua jibu la vijana wa siku hizi. Watasema, "Simu itatutafsiria." Simu ni msaidizi mzuri, wala siidharau. Lakini tafsiri yake huweza kukosea, na asiyejua lugha hawezi kuliona kosa. Tena siku ya kutia sahihi haiulizwi simu ilisema nini. Huulizwa mkono uliotia sahihi ni wa nani. Msaidizi humfaa mtu anayeijua kazi. Asiyeijua hugeuka kuwa mtumwa wa msaidizi wake.

Basi fanya hivi. Kila siku chagua karatasi moja ya Kiingereza, hata ikiwa fupi kama kiganja. Isome kimya kwanza, pole pole, bila kujali sauti yako itawapendeza watu au la. Neno usilolijua jaribu kulikisia kwa jamaa zake waliolizunguka, kisha ulihakikishe katika kamusi. Tia alama chini ya maneno madogo yanayoruhusu, yanayokataza, yanayoweka mpaka na yanayotoa masharti. Halafu ifunike karatasi, umweleze mtu wa nyumbani kwa Kiswahili au kwa lugha ya kwenu: inamtaka nani afanye nini, lini, na asipofanya itakuwaje. Ukishindwa kujibu maswali hayo manne, hukusoma; ulitamka tu. Rudi mwanzo, wala usione aibu. Aibu ya kurudia mstari ni ya dakika moja, na aibu ya kuupita naijua urefu wake.

Nawaomba walimu nao wabadili kipimo cha sifa. Mwanafunzi akimaliza kusoma kwa sauti, tusimpigie makofi mpaka atakapojibu swali la mjomba wangu. Swali hilo lina maneno matatu tu, na lingeulizwa katika kila darasa, kwa kila ukurasa, nadhani nisingefika kidato cha pili nikiwa na kinywa kilichosoma na akili isiyosoma: Sasa, imesema nini?

Nawe, kijana, jioni hii utafute mtu mzima nyumbani mwenu aliye na karatasi aliyoiweka sandukuni kwa sababu haielewi. Kila nyumba ina karatasi kama hiyo. Mwombe akupe, uketi naye karibu na taa, msome pamoja neno kwa neno. Ukilikuta neno dogo usilolijua, simama hapo. Usilipite.