Ndiyo, nitakuuliza maswali

KUTOKA LUPANGO, na Mama Ngoie

Wiki hii nimeambiwa nina kiburi. Niliambiwa getini kwangu, nikaambiwa tena baada ya misa ya Jumapili, na jioni yake jirani yangu mwenye jogoo akapanda kwenye tofali na kunirudia habari ile ile juu ya ukuta. Kosa langu ni kumnyima mtu mbwa. Nilimnyima, na akirudi kesho nitamnyima tena.

Alikuja Jumatano mchana na gari, jipu nyeupe. Yambo, Mama. Yambo sana, Papa. Mtu mwenye adabu, shati limepigwa pasi, ana nyumba mtaa wa Golf hapa Lubumbashi, yenye ukuta mrefu na waya wa miiba juu yake. Alikuwa amesikia kwamba nina mbwa jike wa kutoa, maana mimi huokota mbwa na kuwalea kwa muda. Zamu wake, mlinzi wa nyumba, alishuka nyuma yake, na mkononi alikuwa na mnyororo. Haukuwa ukanda wa shingoni wala kamba ya kumwongozea mbwa barabarani. Ulikuwa mnyororo mpya wa chuma, wa aina ile watu wanayofungia pikipiki, pamoja na kufuli lake.

Nilimpa kiti, nikampa maji, nikaanza kuuliza. Mbwa atalala wapi mvua ikinyesha? Mchana atakuwa wapi? Ukienda Kolwezi au Likasi, nani atampa chakula? Watoto wako wana umri gani, na wanamwogopa mbwa au wanamrushia mawe? Akipata mimba, watoto wake utawapeleka wapi?

Alijibu machache tu. Mchana atafungwa nyuma ya nyumba, karibu na jenereta, na usiku atafunguliwa. Chakula atapata jioni, kidogo, kwa sababu imbwa ikishiba inalala. Nilipofika kwenye habari ya mimba akasimama. “Mama,” akasema, “niko naomba imbwa, haina bibi!” Zamu akacheka, na msichana wa jirani aliyekuwa anapita na ndoo ya maji naye akacheka.

Sikucheka, nami nitamjibu hapa kwa kuwa pale hakunipa nafasi. Kwa bibi wa kuoa ungeulizwa mengi kuliko hayo, Papa. Ungeulizwa na baba mdogo, na shangazi, na wajomba wote wawili, na ungetoa mbuzi na dola huku umepiga magoti. Baada ya hayo yote, bibi ana kwao. Siku ukimtesa atafunga vitenge vyake arudi kwa wazazi, na kikao kitaitishwa. Mbwa hana mjomba. Mbwa ana yule mtu mmoja tu aliyemwokota, na kama huyo naye ataona haya kuuliza, hakuna mwingine atakayeuliza badala yake.

Sasa niwaeleze ni shingo gani iliyokuwa inatafutiwa mnyororo ule. Jike huyu tulimtoa kwenye mtaro karibu na soko la Kenya. Shingoni alikuwa na waya wa umeme. Mtu alimfunga nao akiwa mdogo, mbwa akakua, waya haukukua, na mwishowe ulizama ndani ya nyama hadi ngozi ikaanza kuota juu yake. Kwa mbali uliona mstari mweusi tu. Ukisogea ulisikia harufu, na ukitenganisha manyoya uliona mabuu yakitembea. Daktari wa mifugo alimchoma sindano ya usingizi, akaukata waya kwa koleo, akauvuta polepole kama mtu anayetoa uzi kwenye nguo iliyoshonwa vibaya. Kisha yalikuja maji ya chumvi asubuhi na jioni, dawa ya kidonda, vidonge ndani ya bukari, ugali wetu. Miguuni alikuwa na mafunza, yale ya nzi anayetaga kwenye mchanga na kwenye nguo zilizoanikwa zisipigwe pasi. Unapaka mafuta mazito juu ya kitundu, funza anakosa hewa, anajitokeza, unambinya. Watoto wangu walijifunza kazi hiyo kabla ya kujifunza jedwali la kuzidisha la saba.

Hadi leo, ukishika kitu kirefu kinacholia cheng'e cheng'e, mbwa huyo anajikojolea. Zamu wa yule Papa aliutikisa mnyororo mara moja tu, naye akaingia chini ya meza ya jikoni na hatukumwona hadi jipu ilipoondoka. Mimi nilikuwa nimeona jibu langu kabla ya kuuliza la mimba.

Najua kwa nini watu wanataka mbwa. Ninaishi Lubumbashi hii hii, nasikia risasi usiku, najua familia zilizoingiliwa saa nane na watu wenye bunduki wakaachiwa kuta tupu. Hofu hiyo ni ya haki. Lakini mbwa mwenye njaa aliyefungwa siku nzima hakulindi. Mwizi wa mji huu haji mikono mitupu, anatupa kipande cha nyama chenye sumu juu ya ukuta na kungoja. Mbwa wako ambaye tangu jana amekula mabaki ya bukari atakimeza kabla hakijagusa chini, na wewe utaamka nyumba imekwisha. Mwenye kumpa mbwa pilipili ili awe mkali anamchoma tumbo, basi. Mbwa anayebweka kwa maana ni yule anayeijua nyumba, anayewajua watoto kwa harufu, aliyezunguka lupango yote, ua na nyumba, mchana hadi akajua kila sauti yake. Yule wa kwenye jenereta anabweka asubuhi hadi usiku, na baada ya mwezi mmoja wewe mwenyewe humsikii tena.

Waumini wenzangu Jumapili walikuwa na hoja nyingine, na ndiyo iliyonichosha zaidi kwa sababu inatoka kwa watu wenye huruma. Mbwa ni wengi barabarani, walisema, umepata tajiri mwenye ukuta, nawe unakataa! Basi tuhesabu. Jike mmoja anaingia joto karibu mara mbili kwa mwaka, anabeba mimba miezi miwili, anazaa watano, sita, wakati mwingine zaidi. Mtu asiyetaka hata kuulizwa juu ya mimba ndiye atakayemtuma zamu na beseni barabarani. Mnawaona hao, pembeni ya njia ya Kasenga na kwenye vichochoro vya kuingilia sokoni: watoto wa mbwa ambao macho yamefunguka juzi, na muuzaji anakuapia wana miezi miwili. Mtoto wa mbwa hufungua macho baada ya wiki mbili hivi, na anatakiwa akae na mama yake hadi wiki ya nane. Anayenunuliwa kabla ya hapo anakuja na tumbo la minyoo, hana kinga ya ugonjwa wa parvo, na mara nyingi anakufa kwa kuhara damu mikononi mwa mtoto wako aliyekwisha kumpa jina. Wanaopona na kuchokwa wanatupwa. Hao ndio wengi wa barabarani. Hawakushuka na mvua, walitolewa kwa kila aliyenyoosha mkono.

Na kuna ugonjwa. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba kichaa cha mbwa kinaua watu 59,000 hivi kila mwaka, karibu wote Afrika na Asia, na kama wanne kati ya kila kumi ni watoto. Karibu kila mara kimeletwa na mbwa. Dalili zikishaanza kwa binadamu, ni nadra mno mtu kupona. Chanjo ya mbwa ipo, na wakichanjwa 70 kati ya kila 100 ugonjwa unakatika. Mji wetu una Chuo Kikuu cha Lubumbashi chenye kitivo kizima cha udaktari wa mifugo. Mwenye fedha ya jipu hawezi kuniambia hana pa kumpeleka mbwa kuchomwa sindano.

Jambo jingine, kwa kuwa nimeshakasirika. Yule Papa alipoondoka alisema jike wangu ni imbwa ya mukini tu, na kama angetaka kusumbuliwa angeagiza boerboel Afrika Kusini. Aagize. Nimewaona berger allemand waliopitishwa Kasumbalesa kwa mamia ya dola wakihema Oktoba chini ya bati, ulimi nje, maji ya moto ndani ya sufuria. Na huyu mbwa wa kijijini anayedharauliwa hapa, mwenye masikio yaliyosimama na mkia uliojikunja, Wazungu walimchukua katika misitu ya nchi hii hii, wakampeleka Uingereza, na mwaka 1937 watu walisongamana kumtazama kwenye maonyesho ya Crufts. Wanamwita basenji. Marekani walimwandikisha rasmi mwaka 1944, na leo huko mtu anajaza karatasi na kungoja miezi apate mmoja. Sisi tunamfunga kwa waya wa umeme.

Wala kumwuliza mtu maswali kabla ya kumkabidhi kiumbe si uzungu wangu. Katika mji huu huu, tangu 2006, Franck na Roxane Chantereau wanalea sokwe na nyani walionyang'anywa wawindaji na wachuuzi, kwenye kituo chao cha J.A.C.K. Mtoto wa sokwe akifika anatengwa kwanza, anapimwa, anapewa chupa ya maziwa, analala na mlezi usiku kwa sababu akiachwa peke yake anakufa kwa huzuni. Septemba 2022 wezi waliiba watatu kati ya hao wadogo na kudai fedha, na wenye J.A.C.K. walikataa kulipa ili wizi huo usiwe kazi ya watu. Lubumbashi yote iliona uchungu wakati ule. Hakuna aliyewaambia wana kiburi. Na Nairobi, KSPCA, jumuiya ya kuwatetea wanyama iliyoanza mwaka 1910, mwaka ule ule ulipozaliwa mji wetu, haitoi mbwa asiyechanjwa na kuhasiwa. Mtu anakubali, au anarudi kwake bila mbwa.

Kulea mbwa kwa muda kuna kazi moja ambayo watu hawaioni. Wanadhani nampa chakula tu hadi apate mwenyewe. Hapana, namsoma. Nataka kujua anaogopa nini, fagio au viatu vya buti au sauti ya mwanaume. Nataka kujua kama anafukuza kuku, maana siwezi kumpeleka kwa mama wa Katuba anayeishi kwa mayai. Nataka kumwona mtoto akimvuta mkia mbele yangu. Huyu wa shingo, kwa mfano, hapendi kelele, hawezi kufungwa, ila ukikaa kimya anakuja mwenyewe na kuweka kidevu juu ya mguu wako, na hapo hatoki. Mbwa wa namna hiyo hana kazi Golf, nyuma ya jenereta.

Alikuwepo mtu wake, na hakuwa na jipu. Ni mzee wa Kamalondo, mstaafu wa Gécamines, nyumba ya vyumba viwili, ua wa matete. Alikuja kwa miguu zaidi ya mara moja bila kuomba chochote. Alikaa kwenye kigoda, akanisimulia mambo ya mgodini, na mbwa akasogea kidogo kila alipokuja. Nilipomwuliza maswali yangu yote alijibu polepole, kisha akauliza ya kwake: anakula dagaa? Ngurumo zinamtisha? Mimi nikifa kabla yake, utamchukua? Hilo la mwisho hakuna mwenye ukuta mrefu aliyewahi kuniuliza. Jumamosi tulimpeleka jike Kamalondo, kizazi kimefungwa, sindano zimekamilika, karatasi ya chanjo iko mfukoni mwa mzee. Nilikagua ua mwenyewe. Kulikuwa na pengo upande wa choo, tukaliziba kabla sijaondoka. Nilimwambia nitapita bila taarifa, akasema nije na sukari.

Sasa nina dume mmoja, kijana, mweusi mwenye kifua cheupe, amechanjwa na kuhasiwa, anapenda watoto kupita kiasi na anachukia pikipiki. Anayemtaka aje mchana, aje na watoto wake, na aje akijua jina la daktari atakayempigia simu mbwa akiumwa. Nitauliza yote niliyouliza Jumatano, na nitakuja kuona lupango. Na anayetaka kitu cha kufunga getini asipoteze mafuta ya gari kuja kwangu. Soko la Mzee kuna makufuli, tena mazuri, na muuzaji hatakuuliza yatalala wapi.